Kimefika

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni alipoliona doa la kwanza, akadhani ni kutu. Akasugua. Halikutoka. Akaigeuza blauzi ya binti yake, akaitandaza juu ya goti, akaona kumbe si doa moja. Yalikuwa madogo madogo kama mbegu za ufuta, yametapakaa mgongoni kuanzia mabegani hadi pale mkanda wa sketi unapobana. Mbele blauzi ilikuwa safi.

"Kunguni," alisema.

Mumewe, fundi makochi, alikuwa ameketi kizingitini aking'oa misumari kwenye mguu wa kochi. "Kunguni gani?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe unayetuletea makochi yaliyokaliwa na kila namna ya makalio?"

"Makochi yangu yote yako stoo kwa dada. Hapa lipo hili moja tu, nalo ni la mwalimu mkuu."

"Kwani walimu wakuu hawana kunguni?"

"Wanao, lakini wenye nidhamu."

Mama hakucheka. Asubuhi ileile aliburuta godoro la binti hadi uani akalipiga fimbo kama mwizi, akamwaga maji ya moto kwenye maungio ya kitanda, akapitisha vidole kwenye kila mshono wa mto. Hakuona kunguni hata mmoja, wala harufu yake. Na shuka ndilo lililomshangaza zaidi, maana lilikuwa jeupe pe. Basi ni mdudu gani huyu anayemng'ata mtu mgongoni tu, tena akiwa amevaa, na akilala anamwacha apumzike? Alipokuwa akianika ile blauzi alijikuta ananong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako," akasita na kibanio mkononi, kwa sababu methali hiyo haisemi habari za wadudu.

Binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Homa ilimchukulia masikio angali darasa la pili, lakini ikamwachia sauti, nayo aliitumia kwa utulivu, bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayesoma gazeti. Maneno ya wengine aliyasoma midomoni. Nyumbani kila mtu alishajua kwamba ukitaka kusema naye, sharti umwelekee. Alishona vifungo kwenye karakana ya sare za shule iliyokuwa ya Shangazi yake, dada mkubwa wa baba, na kazi hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya nyumba.

Jioni aliporudi, Mama alimpitishia mkono mgongoni kama anayemfuta vumbi. Binti akaruka.

"Nani anakugusa?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Una mwanaume?"

Binti alicheka. "Mwanaume wa kunichoma mgongo?"

"Mimi nimesema kugusa. Nani amesema kuchoma?"

Binti akageuza uso ukutani. Kwake yeye kugeuza uso ni sawa na kufunga mlango, nao ukishafungwa hata ukipiga hodi mpaka kesho haitikii.

Siku iliyofuata Mama alichukua mwavuli, ingawa mbingu ilikuwa kavu kama kigae, akaenda karakana akisingizia kwamba binti aliusahau. Alipitia nyuma, kwenye stoo ambako mumewe alihifadhi makochi yake, akatokea kwenye mstari wa sare zilizotundikwa zikisubiri pasi. Cherehani zilikuwa kimya. Ilikuwa saa ya chakula. Kabla hajazipenya zile sare alisikia watu wakiongea, akasimama.

"Kimekula?"

"Kimekula. Kimesharudi kwenye stuli yake."

"Kiacheni, jamani, leo kimechoka," ilisema sauti ya mwanamke.

"Kikichoka ndiyo raha. Zamu ya nani?"

Mama akatabasamu. Alidhani wanafuga mtoto wa paka. Alijisemea kumbe wifi yake siku hizi ana moyo, na kwamba kikishakua atakiomba, maana panya wa jikoni kwake walishaanza kumdharau.

"Tuone kama kitasikia."

Akazipangua sare. Hapakuwa na paka. Palikuwa na binti yake juu ya stuli, amewapa mgongo, ameinamia shati, na nyuma yake, akinyata kwa ncha za viatu, yule kijana mkata vitambaa waliyemwita Mkasi, ameshika pini kwa vidole viwili. Wengine walikuwa wameziba vinywa kwa viganja. Mkasi akachoma. Binti aliinua bega moja kidogo, akalishusha, akaendelea kuvuta uzi. Hakugeuka, wala hakulia. Kuzoea kule ndiko kulikomkata Mama maini.

"Kimesikia! Kimesikia!"

Vicheko vikapasuka.

Lugha hii ina adabu yake. Kijana amefika, kinyozi amefika, kiongozi amefika, kipofu amefika, kiziwi amefika. Jina laweza kuvaa vazi la vitu, lakini mwenye jina ni mtu, na mtu huja na a. Kiti ndicho kimefika. Kikapu ndicho kimefika. Pale karakana hapakutamkwa tusi hata moja ambalo mzee angezibia masikio. Walichofanya ni kumtoa msichana kwenye ngeli ya watu na kumpanga pamoja na vikombe. Na kikombe hakiulizwi kama kinaumia.

Mkasi ndiye aliyemwona Mama kwanza. Pini ikapotea, hakuna aliyeona ilikokwenda.

"Shikamoo, mama!"

"Shikamoo, mama! Shikamoo!" wakaitikia wote, wameshasimama kwa heshima.

"Marahaba," Mama akajibu.

Lilimtoka kabla hajalizuia, kwa mazoea ya mdomo uliolelewa vizuri, na siku nzima alitamani angelimeza.

"Karibu, mama. Tunataniana tu hapa," Mkasi alisema, anacheka kwa meno yote. "Huyu ni dada yetu. Anatupenda, nasi tunampenda."

Huyu. Anatupenda. Tunampenda. Mama alimtazama. Kumbe kuongea vizuri anajua.

Mkasi hakujiona mtu mbaya. Alimhudumia bibi yake mgonjwa, hakuwahi kupigana, na angeulizwa angeapa kwa roho safi kwamba yule msichana huufurahia utani wao. Mchezo ulianza kwa kuangusha kifuniko cha sufuria nyuma yake. Kisha kupiga makofi. Kisha kwa sababu hakushtuka, ikabidi watafute kitu atakachokisikia.

Mama alizunguka mbele ya stuli ili binti amwone. "Vaa viatu," alimwambia. "Twende nyumbani."

Shangazi alikuja jioni, mwenyewe, na katoni ya juisi. Hakuwa mtu wa kutembelea watu. Watu ndio walimtembelea. Fundi alimwachia kiti cha pekee chenye mito, akakaa yeye kwenye ndoo iliyofudikizwa. Binti alikuwa mkekani, mgongo wake umepakwa dawa.

"Wifi," Shangazi alianza, "nimesikia ulipita kazini kwangu ukaondoka bila hata kunisabahi."

"Nilikuta wenzako wana shughuli."

"Vijana wale! Nimewagombeza mpaka koo limekauka. Lakini na sisi tusikuze mambo. Utani wa kazini huo. Mimi nilipoanza kushona waliniita Bata kwa mwendo wangu. Nilikufa?"

"Walikuchoma pini?"

"Wifi, tuongee kama watu wazima. Yule kijana akikaa kando wiki moja tu, sare za shule tatu hazikatwi. Nitamhamishia binti dirishani, peke yake. Yamekwisha."

"Yaani wao wabaki mezani, yeye ndiye ahamishwe."

Fundi alikohoa. "Dada amesema atawagombeza," alisema.

"Amesema ameshawagombeza," Mama alimjibu. "Amua lipi unalitetea." Kisha akamgeukia binti, akasema taratibu ili asomeke. "Mwanangu, wanavyokuita, ulikuwa unajua?"

"Najua," Binti alisema kwa ile sauti yake ya gazeti. "Ukisema *amekuja*, mdomo unafunguka. Ukisema *kimekuja*, meno yanaonekana. Mimi naona meno tu, tangu nianze kazi."

Kikombe cha Shangazi kilibaki hewani.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilimwambia Shangazi."

Mama alimwangalia wifi yake, na Shangazi akaitazama katoni ya juisi kana kwamba imeandikwa jibu.

"Nilimwambia avumilie kidogo," hatimaye alisema. "Nani hajavumilia? Ningemfukuza Mkasi, wangesema nampendelea mtoto wa ndugu." Kisha, kama mtu aliyeona lawama zote zinamwangukia peke yake, akainua kidole. "Tena msinitazame hivyo. Mimi tu ndiye niliyejua? Muulize mumeo. Siku aliponiletea kile kiti cha ofisini, aliongozana na binti. Akuambie walisema nini mlangoni."

Fundi alikuwa akikwaruza gundi iliyokauka kwenye ukucha. Mama alimwona akikwaruza, na shaka ambayo tangu asubuhi ya kunguni ilikuwa ikimzunguka kama nzi, ikatua.

"Walisema nini?"

"Nilikuwa na kiti kichwani."

"Sikukuuliza kichwani ulikuwa na nini."

"Walisema *kimefika*," alijibu akiiambia sakafu. "Mmoja akasema *hiki hapa kimefika*. Wakacheka. Mimi nikasema moyoni, wanasema kiti."

"Na kiti kinachekwa?"

Fundi aliinamisha kichwa zaidi.

"Baba anasema nini?" Binti aliuliza. Alikuwa akiukodolea macho utosi wa baba yake, maana ndio pekee alioonyeshwa.

"Mwangalie unapomjibu," Mama alisema.

Fundi aliinua uso. Ilimchukua muda, kama anayeinua kochi la watu watatu peke yake. "Nilisikia," alimwambia binti yake. "Nilijua si kiti. Nilinyamaza kwa sababu makochi yangu yako stoo kwa Shangazi yako na wewe ulikuwa umepata kazi. Nilisikia, mwanangu."

Shangazi akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Basi sote tumesikia. Tuyamalize hapa hapa. Kesho aje, nitamweka dirishani."

"Kesho tuna pa kwenda," Mama alisema.

Kesho yake kwenye kituo cha polisi, askari wa kaunta alikuwa mtu mnene mwenye kalamu mbili mfukoni, zote hazitoki wino. Aliazima ya Mama. Karatasi ya daktari aliyempima Binti jana yake, aliisoma huku akitikisa kichwa, akaitia chini ya kiwiko.

"Pini," alisema. "Pini ya kushonea? Mama, kuna watu wanakatwa mapanga huko nje."

"Mimi sikuleta wa mapanga. Nimeleta huyu."

"Haya. Walimtukana?"

"Walimtukana."

"Tusi lenyewe ni lipi? Litamke kama lilivyo, usione haya, hapa tumezoea."

"Ki," Mama alisema.

Askari alingoja. "Ki nini?"

"Ki tu. Kimekula. Kimekaa. Kimesikia."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka kwa pua. Askari naye aliuma mdomo wa chini. Njia nzima Mama alikuwa amelipanga neno hili akiliona zito kama jiwe, na sasa mbele za watu limekuwa unyoya.

"Mama yangu, hebu fikiri," askari alisema kwa upole wa kumfundisha mtoto. "Nikiandika hapa, *walimwambia ki*, mkubwa wangu si atanipeleka kupimwa akili? Hata mke wangu husema kitoto kimelala, kitoto kimeamka. Nimkamate?"

"Mkeo anakichoma pini hicho kitoto ili aone kama kinasikia?"

Askari aliitoa karatasi ya daktari chini ya kiwiko.

"Kitoto huitwa hivyo na anayekifunika shuka," Mama aliendelea. "Hawa walianza na neno. Walipomaliza kumfanya kitu, ndipo wakachukua pini. Ungewakuta siku ya neno usingeona damu, ungeona vijana wanacheka. Mimi mwenyewe nilisimama pale nikatabasamu. Nilidhani ni paka."

Askari alifungua kitabu, bila haraka. Ukweli ni kwamba alikuwa na kaka kijijini aliyepooza mguu, na jinsi watoto wa mtaa walivyomwita kaka huyo ilikuwa imemjia ghafla, naye hakuipenda. "Haya, tuanze," alisema. Akamnyooshea Binti kalamu bila kumtazama. "Kiziwi chenu hiki kina miaka mingapi?"

Alilisema bila ubaya wowote, kama watu wanavyosema.

Mama alifungua mdomo. Lakini fundi, aliyekuwa amesimama nyuma yao tangu walipoingia, kofia mkononi, akasogea mpaka kaunta ikamgusa tumbo.

"Ana," alisema.

"Ana nini, mzee?"

"Ana miaka kumi na tisa. Si kina. Tena muulize mwenyewe, ukimtazama atakujibu. Na ukimaliza na yeye, uniandike na mimi. Mimi ni shahidi. Nilisikia mlangoni kwa masikio haya, kabla ya pini, nikanyamaza."

"Karakana hiyo ni ya nani?"

"Ya dada yangu. Tumbo moja. Naye aliambiwa. Andika."

Mtu wa kwenye benchi hakucheka tena. Askari alimtazama fundi, kisha akageuza kiti chake chote, miguu ya chuma ikapiga kelele sakafuni, akawa uso kwa uso na Binti.

"Una miaka mingapi?" alimuuliza.

"Kumi na tisa."

"Nani alikuchoma?"

Binti akaanza kusema. Alisema bila kupandisha sauti, akitaja, kama alivyowaona na kuwasoma midomo kila alipogeuka, nani alishika pini, nani alipanga zamu, nani alisema aachwe kisha naye akacheka. Askari aliandika, na mara mbili alimwomba arudie, si kwa sababu hakumwelewa.

Habari zina miguu. Walipotoka, Shangazi alikuwa amesimama kwenye geti la kituo, kanga begani, ameshuka kwenye pikipiki ambayo hata kumlipa mwenyewe alikuwa hajamlipa. Alimpita Mama kama nguzo, akamfuata mdogo wake.

"Umeniandikisha polisi? Mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni mama akiwa shambani?"

"Nimeandikisha nilichosikia, dada."

"Makochi yako yatoke stoo kwangu leo. Leo hii hii."

"Yatatoka."

"Na mtakula nini? Maelezo ya polisi?"

Fundi alivaa kofia yake. Shangazi alihema. Kisha akamgeukia Binti, akainama kidogo, akatamka polepole kama alivyokuwa akifanya zamani, mtoto alipotoka hospitali na nyumba nzima ikijifunza kusema upya.

"Na wewe, mwanangu. Ungekuja kwangu. Mimi si shangazi yako? Kwa nini hukuja kwangu?"

"Nilianza na wewe," Binti alisema.

Shangazi alibaki ameinama. Mwenye pikipiki akapiga honi akidai chake.

Mchana ule waliyatoa makochi. Mkasi hakuwepo mezani. Wengine walisema ameitwa kituoni, wengine walisema amejificha kwa bibi yake. Cherehani zilipiga kelele kuliko kawaida, na kila aliyekuwa nyuma yake alikuwa na sababu ya kuinamia sindano. Yule mwanamke aliyesema *kiacheni* alinyanyuka mara moja kama anayetaka kusaidia, akaona wenzake wanamtazama, akakaa. Mama alibeba mito. Alimtazama kila mmoja usoni alipopita, na hakujua ni yupi kati yao atakayesema kweli siku wakiitwa, wala kama watasema.

Kochi kubwa lilibebwa na wawili, fundi nyuma, Binti mbele akitembea kinyumenyume. Kwenye ngazi za nje fundi alisimama. Kochi lilikuwa limemfika puani. Akalishusha mpaka kifuani, ili uso wake wote uonekane.

"Ngazi," alisema. "Ziko tatu. Mguu wa kushoto kwanza. Taratibu."

Binti akamtazama mdomo, akashuka.